Beberu Mashavu Afundisha Kilimo cha Mboga

Paukwa!

Pakawa!

Jembe?

Limelala kwa mvivu.

Mboga?

Imelala kwa mwenye jembe.

Haya, sogeeni, na anayesinzia asimwegemee mwenzake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na gulio lao, mbuzi walikuwa na sifa moja tu: wizi wa mboga. Leo wamekula kwa Nguruwe, kesho kwa Sungura, keshokutwa kwa Kanga. Tembo, mkuu wa gulio, akachoka nao.

"Vijana wa mbuzi wafundishwe kulima na kuuza," akasema. "Gulio la mavuno likifika nao hawana mboga yao wenyewe, mbuzi wote watahamia msituni, kwa Chui."

Mbuzi wakakutana haraka. Wakatafuta mwalimu, na wakamchagua nani? Mbuzi mwenzao, Beberu Mashavu, mwenye ndevu ndefu.

"Hakuna anayezijua mboga kama mimi," akasema. Na kweli, alikuwa amezila zote.

Vijana walipoliona jembe tu, migongo ikawauma. Akabaki Zawena peke yake. Zawena alikuwa na mama anayechechemea, na anayechechemea hawezi kumkimbia Chui. Basi Zawena akalima.

Beberu alifundisha vizuri, jamani, tusimwonee. "Lainisha udongo! Usirundike mbegu! Mwagilia jioni!" Zawena akalainisha, akatawanya, akamwagilia. Mchicha ukastawi.

Mwalimu huyo, na ndevu zake. "Mwalimu asipoonja, mwanafunzi atajuaje kama amefaulu?" Akaonja, akaonja, akaonja, hata tuta likabaki udongo mtupu.

"Umefaulu," akasema.

Zawena akapanda kunde. Kunde zikastawi. Mwalimu huyo, na ndevu zake. Akaonja, akaonja, akaonja.

"Umefaulu sana," akasema, akajifuta mdomo.

Zawena akalia, kisha akapanda matembele. Asubuhi ya gulio yalikuwa yamefunika tuta lote, mabichi, laini. Na mwalimu huyo, na ndevu zake! Zawena akasimama mbele ya tuta. Amkataze? Mwalimu hakatazwi. Lakini huulizwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuonja."

"Kabla hujaonja, mwalimu, kuuza hujanifundisha. Fungu la mboga hufungwaje lisichomoke?"

Swali! Beberu aliweza kuacha chakula kwa ajili ya swali. Akanyakua kamba ya katani.

"Tazama. Shingo yangu hii ndiyo fungu. Unazungusha hivi, unapitisha hivi, unakaza hivi!"

"Nami nijaribu ncha hii kwenye mti ule?"

"Jaribu. Zungusha! Pitisha! Kaza! Ee, hapo sawa kabisa."

Alipoligeukia tuta la matembele, kamba ikamrudisha. Akavuta, akavuta, akavuta. Fundo lilikuwa zuri, si alilifundisha mwenyewe?

Zawena akavuna, akafunga mafungu kwa fundo lilelile, akaenda gulioni. Matembele yakaisha yote. Tembo mwenyewe akanunua, akasema, "Mbuzi wabaki kwao. Nani amekufundisha, binti?"

"Mwalimu Beberu Mashavu."

"Yuko wapi tumpongeze?"

"Yuko shambani, mkuu. Hawezi kuiacha kazi."

Mama yake aliposikia kwamba hawahami, alicheka mpaka akakaa chini. Na Zawena hakuifungua ile kamba. Siku iliyofuata akampelekea mwalimu majani na maji, akampa heshima zote, kisha akashika jembe. Beberu akafundisha kutoka palepale: "Meee! Palilia! Meee! Mwagilia!" Mboga zikafika sokoni, vijana wengine wakaja kujifunza, migongo ikapona yenyewe.

Basi, wanangu, elimu ichukueni hata kwa mlafi. Ila kamba mpimieni ninyi.

Hadithi yangu naikatia hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nilie ugali. Na mkimsikia mbuzi aliyefungwa akipiga kelele mchana kutwa, msidhani ana njaa. Anafundisha.