Treni Haijafika, Nipo

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, treni ya mwisho ilipopita kwenye stesheni moja ndogo. Mkuu wa stesheni akaandika saa hiyo katika daftari, kama alivyoziandika treni zote kwa miaka ishirini na sita. Haikuja nyingine.

Miaka ikapita. Serikali ikaishtaki kampuni ya reli: mmeitelekeza njia, rudisheni ardhi. Kampuni ikakana, ikatoa kielelezo: daftari lile. Mwenye kuliandika alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mjane wake akaitwa kulitambua.

Mama yule hakujali ardhi itakwenda kwa nani. Alilitaka daftari. Mumewe hakuwahi kumwandikia barua. Waliishi pamoja siku zote, barua ya nini? Mwandiko wake ulibaki humo tu.

Mahakamani wakamfungulia. Baada ya Jumanne ile, kila siku, kwa miaka sita: "Treni haijafika. Nipo."

"Mama," wakili wa Serikali akasema akicheka, "mzee alingoja treni kwenye reli iliyoota majani?"

"Majani aliyang'oa, baba. Jembe langu lote liliishia huko."

Mahakama nzima ikacheka. "Nani alimwamuru?" wakili akauliza.

"Hakuna. Alisema, ikija siku ambayo sipo, nitajibu nini?"

Kampuni ikashinda: stesheni yenye mtu kila siku haijatelekezwa. Mawakili wake wakakumbatiana, wakatoka. Hakuna aliyeuliza jina la aliyewashindia. Mjane akamwendea karani.

"Naomba daftari, mwanangu."

"Haiwezekani, mama. Ni la mahakama sasa."

Akaweka kiganja juu ya ukurasa wa mwisho, akakiacha hapo. "Hapa pa kuandika saa ya kuondoka pako wazi."

"Siruhusiwi kuandika kitu, mama."

"Usiandike. Nataka tu ujue. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri."

Ndugu zangu, mtasema mzee alingoja bure. Nani kawaambia? Alfajiri ile, Yeye aliyemjia alimkuta yupo. Na sisi? Tunagombania kanisa ni la nani, na kiti cha mbele ni cha nani. Bwana akiufungua ukurasa wetu wa jana, atasoma nini?

Tuinamishe vichwa. Ee Bwana, waliotutangulia walikungoja, hata yule ambaye kikombe chake bado hatujakiondoa mezani. Wapokee. Nasi tunaotamani kuwaona tena, utukute tupo. Amina.