Sahani Zilizorudi Tupu

Mtu mmoja alikuwa na daftari, na kwa daftari hilo alimuua bibi wa watu kwa njaa. Nisiwazungushe, ndugu zangu: mtu huyo ni mimi. Mungu alishaniona, nanyi mnione.

Nilikuwa mhudumu katika makao ya wazee kule milimani Upareni. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo: baada ya kila mlo niandike kila mzee amekula kiasi gani. Walikuwa kumi na tisa. Kukaa nao mezani niliona ni kupoteza muda, maana mzee anatafuna taratibu mno. Basi nikawa nawagawia, naondoka, nangoja jikoni kwenye beseni la kuoshea vyombo. Sahani ikirudi na chakula, naandika nusu. Ikirudi tupu, naandika amemaliza.

Sahani ya Bibi Nakijwa ilirudi tupu kila siku. Makande yote, mahindi na maharage, hata punje haikubaki. Nikamsifu mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye mlaji wetu. Alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa khanga.

Baada ya miezi mitatu khanga ile ilikuwa inamzunguka mara mbili. Mpishi akataka ampikie uji wake peke yake. Daktari alipokuja, aliniuliza mimi. Nikamfungulia daftari: amemaliza, amemaliza, amemaliza. Akasema, kama anakula hivi, basi ni uzee tu. Uji haukupikwa.

Juma lililofuata hakuweza kuinuka. Nikampelekea sahani kitandani, nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akifungua mdomo. Hakuwa na jino hata moja. Tena alikuwa amelelewa kwamba kumrudishia mpishi chakula ni kumtukana. Kwa hiyo kila siku alinyonya mchuzi, na makande akayamwaga dirishani. Nikamuuliza mbona hakusema. Akanitazama bila hasira.

"Mwanangu, kuku wenu hapo nje wamenenepa. Waandike na wao."

Alifariki siku ya Alhamisi. Siku hiyo uji ulikuwa umepikwa.

Ndugu, nyumba ile ni kusanyiko letu. Makande ni maneno magumu tunayowagawia watu, nasi wahubiri tukisikia "amina" tunaondoka tukiamini wameshiba. Wapo waliokaa kwenye mabenchi haya miaka mingi, wanaitikia kwa adabu, na ndani wanakwisha. Ni wangapi, mimi sijui, na kutojua huko ni dhambi yangu ya pili.

Lakini sitaki mtoke hapa na mfano mtupu. Mwenye mzazi nyumbani, au jirani aliyezeeka, nakuomba: leo ukimpa chakula usiondoke. Kaa naye mpaka ameze.