Taa Iliyofungua Tumbawe

Ilianza Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa kumi na mbili na robo jioni, pale stendi ya Mbeya, kondakta wa basi aliponikabidhi boksi jeupe lililozungushiwa karatasi ya gundi. Ndani ya boksi mlikuwa na mfuko wa maji ya bahari, na ndani ya maji kipande cha tumbawe, kidogo kama kiganja cha mtoto. Nilikipakata hadi nyumbani, nikimsihi dereva wa bajaji akwepe mashimo.

"Dada, umebeba bomu?" aliniuliza.

"Afadhali lingekuwa bomu," nilimjibu.

Maana tumbawe ni mnyama, ingawa linaonekana kama jiwe. Ndani ya nyama yake mnaishi vijimea visivyoonekana kwa macho, navyo hulilisha kwa nguvu ya mwanga. Likipata mwanga mdogo, linashinda na njaa. Ukizidi, linapauka, linakuwa jeupe kama chokaa, na huo ndio mwisho wake. Kwa anayeanza kufuga, maji ya chumvi si kazi kubwa. Kazi ni taa.

Kipande hicho kilioteshwa kwa kibali katika kitalu kimoja cha Mikindani, pwani. Mwenye kitalu, Bi Mwanahawa, alikuwa ameniahidi jambo kwa simu: "Mwanangu Lugano, vinywa vyake vikifunguka vyote kabla ya Jumapili, nitajua nyumba yako inaweza kufuga. Jumapili asubuhi naandika wageni wa mwezi. Nitaandika mmoja wenu. Aje nimvike miwani, nimtie majini, alione shamba lenyewe la matumbawe. Lakini mmoja tu. Vifaa vya mgeni nina seti moja."

Mimi nafundisha biolojia na mwezi huo nilikuwa nasimamia mitihani, hivyo safari haikuwa yangu. Basi usiku ule, kwa furaha, nikatangaza mezani: "Atakayeifanya taa iwe sawa, nafasi ni yake!" Walioisikia kauli hiyo walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari.

Wajueni kwanza.

Wa kwanza ni mdogo wangu Bupe, mshonaji. Kipaji chake ni jicho. Mletee vitenge viwili vya buluu ambavyo wewe unaapa ni kimoja, atakuambia kipi kitachuja na kipi kitamkosesha bibi harusi rangi ya uso.

Wa pili ni mjomba Ambakisye, fundi wa madishi ya televisheni. Kipaji chake ni mkono. Anapanda juu ya bati, analigeuza dishi kidogo hivi, na chini watu wanapiga kelele, "Hapo hapo, mzee, usiguse!"

Wa tatu ni shangazi Tusajigwe, mwenye nyumba. Kipaji chake ni saa. Kanisani kwaya haianzi mpaka yeye atazame mkono wake. Ukimwambia njoo saa nne, saa nne kasoro hatakuwepo, na saa nne na dakika moja atakuwa amekasirika.

Jumanne tukaanza kazi. Tangi lilikuwa katika sebule ya wageni, chumba ambacho shangazi hukifunga kwa ufunguo ili vitambaa vyake vya makochi visichafuke. Tuliliweka chini ya dirisha, kwa kuwa soketi ipo hapo tu.

Nilikuwa nimeazima taa mbili dukani: moja nyeupe kali, ya kumulika uani, na nyingine ya buluu iliyofifia. Mimi nilitaka nyeupe. Bupe akaliondoa pazia la dirisha, akalikunja juu ya kochi ili azione taa zote mbili katika mwanga wa mchana, akalala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye zulia, akitazama majini kutoka chini.

"Dada Lugano, hii nyeupe inalifanya lionekane kama mfupa," alisema. "Ya buluu inaliamsha. Tazama pale pembeni, kuna kijani kinachowaka. Nyeupe inakificha."

"Una uhakika?"

"Wewe umesoma chuo kikuu. Mimi nimesoma vitenge. Weka ya buluu."

Nikaweka ya buluu.

Kisha nikaiweka taa juu ya maji, karibu kabisa, ili isipoteze nguvu. Mjomba Ambakisye alipoingia jioni alicheka hadi akashika ukuta. "Unapika supu, mwanangu?" Akaleta chuma cha kushikilia dishi, akakifunga ukutani, akaitundika taa. Akaipandisha. Akachovya mkono majini, akautazama mwanga ulivyoangukia vidole vyake, akaipandisha tena, akaishusha nusu kiganja, akaiinamisha upande mmoja kidogo. Nilimuuliza anapimaje. "Unapima mpaka mkono useme hapo," alisema, na mkono ukasema hapo.

Ilibaki saa. Tumbawe linataka mchana na usiku wake, lisiwashiwe taa ovyo, na mimi nilikuwa nimenunua taima ya kuwasha na kuzima yenyewe. Niliiwekea saa ya sasa nikifuata simu yangu, kisha vile vitufe vidogo vikanishinda. Shangazi akaninyang'anya.

"Unataka iwake lini?"

"Saa moja asubuhi, shangazi. Izime saa tisa alasiri."

Akavaa miwani yake. Akabonyeza, akabonyeza. "Tayari. Moja mpaka tisa. Nenda kale."

Siku zilizofuata, saa moja asubuhi shangazi alinifungulia sebule, na taa nilikuta inawaka. Niliporudi kazini saa kumi nilikuta imezima. Kila kitu kama nilivyopanga! Na Ijumaa asubuhi nilipiga kelele hadi Bupe akatoka bafuni na povu kichwani. Tumbawe lilikuwa limefunguka. Vinywa vyote, kimoja kimoja, kama vifungo vya kijani vyenye nywele za dhahabu, vikipunga majini. Mjomba alivua kofia. Shangazi alianza kuimba, na siku ile kwaya yake ilimsubiri.

Jumamosi nikabaki nyumbani. Saa nne asubuhi nikaomba ufunguo ili nilitazame tena. Taa ilikuwa imezima.

"Shangazi! Taa imekufa!"

Walikuja wote. Nikaikamata taima, nikasoma: kuwasha, moja. Kuzima, tisa. Nikatazama saa ya shangazi mkononi. Wengi wetu mshale ukiwa kwenye kumi tunasema saa nne, tumezoea. Shangazi hakubali ugeni huo. Saa yake ameirekebisha, na saa nne mshale wake uko kwenye nne. Taima nayo ilifuata simu yangu, yenye saa za Kizungu. Kumbe taa yetu ilikuwa ikiwaka saa saba ya usiku, nyumba nzima ikikoroma, na kuzima saa tatu asubuhi, tumeshatoka.

"Umeambiwa moja, umeweka moja," shangazi alijitetea. "Simu yako ndiyo inayosema uongo!"

Nilinyoosha mkono niirekebishe, lakini hofu ikanishika, nikampigia kwanza Bi Mwanahawa, nikamweleza yote, tangu taa nyeupe hadi taima. Aliuliza tangi liko wapi. Nikamwambia chini ya dirisha. Dirisha linatazama wapi? Magharibi. Lina pazia? Nikamtazama Bupe. Pazia lilikuwa bado limekunjwa juu ya kochi.

"Lahaula!" alisema Bi Mwanahawa. "Kumbe jua la mchana linaingia hadi majini, na wewe ulitaka taa iwake juu yake? Lingekuwa limeshapauka, mwanangu. Usiiguse hiyo taima. Hiyo saa moja yenu ndiyo imeliokoa. Usiku wa manane linapata taa, mchana linapata jua, na katikati linapumzika. Na hiyo buluu, ingekuwa nyeupe ya uani, lingekufa. Na kimo hicho, ingeshuka kidogo tu, lingeungua."

Nilikuwa nimeweka simu kwenye spika. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Mmesikia!" alisema Bupe. "Buluu yangu. Nilichagua kwa macho, kwa makusudi, nikijua ninachofanya."

"Na pazia je?" aliuliza shangazi. "Nalo uliliondoa kwa makusudi? Wewe ndiye uliyeleta jua la kuliua, mimi nikaliondolea taa. Bila mimi ungekuwa unashona sanda ya tumbawe."

"Shangazi, wewe ulikosea!"

"Nilikosea nini? Limekufa?"

Mjomba alikuwa ameegemea mlango. "Mimi sijaondoa pazia la mtu wala sijakosea saa," alisema taratibu. "Niliombwa? Sikuombwa. Niliona supu inapikwa, nikaitoa motoni." Kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea kwake: "Miaka yote naelekeza madishi juu. Nataka mara moja nitazame chini."

Bupe akasema anataka kuiona buluu ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuitia kwenye kitambaa. Shangazi akasema yeye kila Jumapili anaimba habari za bahari ya kioo, wakati hajaona hata ile ya chumvi. Kisha wote watatu wakageuka, wakanitazama mimi.

Nikiwaza kuigawa zawadi, haigawanyiki: miwani ni moja. Nikisema anayestahili ni aliyejua, shangazi anatoka, naye bila kosa lake kusingekuwa na zawadi. Nikisema anayestahili ni ambaye hakuharibu kitu, Bupe anatoka kwa ajili ya pazia, lakini ni yeye aliyeikataa taa yangu ya kuua. Nikimchagua mjomba kwa kuwa mikono yake ni safi, je, kuinua taa ni zaidi ya kuichagua? Nilisema "iwe sawa". Sikusema aifanye kwa jicho, kwa mkono, wala kwa kujua.

Jumapili asubuhi niliingia sebuleni. Tumbawe lilikuwa limefunguka lote, likipunga. Nyuma yangu, mlangoni, nilisikia pumzi za watu watatu wanaojifanya wanapita. Nikachukua simu, nikampigia Bi Mwanahawa.

"Haya, Lugano, kalamu ninayo mkononi," alisema. "Niandike jina gani?"

Nikafungua mdomo. Na ninyi mlionisikiliza tangu stendi hadi hapa, mmoja mmoja bila kunong'onezana, niambieni: simu ingekuwa mkononi mwako, na hao watatu mgongoni pako, wewe ungemtaja nani?