Mbawakawa Asiyelia Msibani

Paukwa!
Pakawa!
Mmejibu kivivu. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa hata walio mlangoni nimewasikia.

Hapo kale, Nyati dume alikufa mbugani. Wa kwanza kufika msibani alikuwa Nzi. Alilia huyo! Vuu, vuu, vuu! Mjane akamwonea huruma, akamketisha kichwani kwa marehemu. Nzi akalia, akataga mayai, akalia tena.

Siku ya pili akaja Mbawakawa, mweusi, kimya, kitumbo amekiinua nyuma kama nge. Mayai yalikuwa yamemjaa, na pa kuyataga ni penye mzoga tu, ndipo wanawe wapate chakula. Akaanza kula pale pale. Alikula mabuu, wana wa Nzi, waliokuwa wakimtafuna marehemu mashavu.

“Mbona hulii?” akauliza Nzi.

“Nina njaa, shoga.”

“Mbona hulii?” akauliza mjane.

“Nina kazi, mama.”

“Mbona hulii?” akauliza Fisi, machozi yanamtiririka, paja la marehemu li mdomoni.

“Mzee wangu, mimi simli marehemu. Nawala wanaomla.”

Watu wakaguna. Kula msibani ni kawaida, lakini kula bila kulia? Huo ni utovu wa adabu!

“Nipeni nafasi nitage tu,” Mbawakawa akasihi. Wakamfukuza.

Akaenda milimani, kwenye mzoga wa mbuzi. “Mbona hulii?” Akafukuzwa. Akashuka pwani, kwenye kasa aliyeoza. “Mbona hulii?” Akafukuzwa. Kitumbo kilimuuma, na hofu ikamshika kwamba wanawe watamfia tumboni.

Akafika bondeni, amekufa punda. Safari hii alianza kupiga mayowe toka mbali: “Uuuwi! Punda wetu! Uuuwi!” Akajigaragaza, akazimia kidogo, akazinduka.

“Huyu ndiye ndugu wa kweli,” wakasema. Wakamweka kichwani kwa marehemu, ubavuni mwa Nzi, ambaye huko nako alikuwa amewahi kufika.

Akataga udongoni, chini ya mzoga, kwa raha zake. Kisha akala.

Nzi akamkumbatia. “Jikaze, shoga. Naona uchungu umekujaa mpaka huwezi kusema.”

Mbawakawa akatikisa kichwa tu. Mdomo ulikuwa umejaa wana wa Nzi.

Ndiyo maana mbawakawa huyo leo yuko kila nchi, popote panaponuka. Funzo: ukienda msibani, lia kwanza. Ukishalia, hakuna atakayekuuliza unatafuna nini.

Ngano yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa inanuka, niachieni mwenyewe.