Kiapo Alichokikataa Kaisani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba alifariki mjini Basra mtengeneza manukato mmoja, akaacha watoto wawili, Humaidi na dada yake Rababu, na mtumwa aitwaye Kaisani, ambaye ndiye aliyeijua kazi yote ya duka. Humaidi akamhesabu katika mirathi. Rababu akakataa katakata: yeye, akiwa nyuma ya pazia, alimsikia baba yao siku ya kufa akimwambia Kaisani, "Wewe sasa u huru."

Shauri likafika kwa kadhi. Humaidi akakana, naye, Mungu atustiri, alijua anachokificha. Baba, alipokuwa mzima wa afya, alimwita faraghani akamuusia kwamba siku atakayofariki Kaisani awe huru, na Humaidi ndiye amwambie. Humaidi akaimeza habari ile. Duka bila Kaisani lingekuwa la nini?

Kadhi akasema ushahidi wa Rababu peke yake hautoshi, ila Kaisani akila kiapo kwamba bwana wake alimwacha huru kwa maneno yale, atamhukumia uhuru. Humaidi akajua yamekwisha. Nani angekataa?

Kaisani akasogea mbele ya kadhi.

"Maneno niliyasikia, ewe kadhi. Lakini nilikuwa nimemshika mkono, namtazama usoni. Homa ilikwisha kumpanda kichwani, akaniita kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Bibi Rababu hakuongopa. Pazia lilimzuia kuona. Mimi siwezi kuapa."

Watu wakaguna. Rababu akalia. Humaidi alikuwa ameshinda, angeweza kushika njia akaenda zake, lakini hakuondoka. Mtu gani huyu? Jambo lile lilimkera rohoni mpaka akamgeukia Kaisani akamuuliza kama kweli uhuru hautaki.

"Nimeuomba katika kila sijda, bwana," akajibu Kaisani. "Nimeuomba kwa Mwenyezi Mungu. Nitaupokeaje kwa kumsingizia maiti?"

Haya zikamshika Humaidi, jamani. Akasimama mbele ya kadhi.

"Baba aliniusia akiwa na akili zake timamu. Kaisani yu huru tangu baba alipokata roho. Ni mimi niliyemficha habari hiyo."

Kadhi akamhukumia Kaisani uhuru papo hapo. Duka liliishia wapi, hatukuambiwa, nami sibuni. Tumwombe Mola atujaalie ulimi wa Kaisani; na tukiukosa, asitunyime haya za Humaidi.