Emiliana na Siagi ya Asali

Siagi baridi haipokei asali. Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Paskali asubuhi, alipomkuta akimbembeleza kwa pipi mdogo wake aliyenuna, nanyi mkaja kuniuliza siagi na asali vinahusiana nini na mtoto aliyenuna. Vinahusiana sana. Sogeeni karibu na moto. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Mbulu palikuwa na mtu akiitwa Lagwen. Alifuga nyuki, mizinga yake aliitundika pembezoni mwa msitu, na nyumbani alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Mkewe Fabiola alisifika kwa siagi ya asali. Alisukasuka mtindi kwenye kibuyu mpaka siagi ikajitenga, akaiosha kwa maji safi, akatia chumvi kidogo, kisha akaichanganya na asali ya mumewe. Asubuhi alimpakia binti yao Hedwiga siagi hiyo juu ya kiazi kitamu cha moto. Ilimchuruzika mtoto vidoleni, naye akavilamba njia nzima mpaka shuleni.

Fabiola akaugua, akafariki. Hedwiga alikuwa bado hajaweza kujisuka nywele mwenyewe.

Baada ya maziko, Lagwen hakulitaja tena jina la mkewe. Si kwamba alimsahau. Kila alipotaka kulitaja, machozi yalimlenga, akaona afadhali anyamaze kuliko kulia mbele ya mtoto. Nguo za marehemu alizipeleka kwa shemeji zake, na kibuyu cha siagi akakiweka juu darini. Majirani walipokuja walizungumza habari za mvua na za mahindi. Hedwiga akaona kuwa katika nyumba ile mama yake hatajwi, naye akafunga mdomo.

Matanga yalipokwisha kusahaulika, Lagwen alioa mwanamke aliyeitwa Emiliana, kutoka Magugu, kule bondeni kwenye mpunga na joto. Alikuwa mtu wa moyo mwema. Alimshonea Hedwiga gauni la maua, akamwita mwanangu, akamwita ua langu, akamwekea kipande kikubwa cha nyama. Hedwiga alishukuru, kwa maana alikuwa amelelewa vizuri, akalikunja lile gauni na kulitia sandukuni. Nyama ilibaki kwenye sahani. Mashavu ya mtoto yakabonyea, hata mwalimu wake akatuma salamu kwamba anasinzia darasani.

Lagwen akakata shauri.

"Nitampeleka Karatu kwa bibi yake," alimwambia mkewe. "Mjomba wake anakuja Jumamosi kumchukua."

"Nimemkosea nini, Baba Hedwiga?"

"Hujamkosea. Hata mimi nimembembeleza mpaka nimechoka. Maneno matamu yote nimemwambia. Hayaingii."

Emiliana hakubishana naye. Alikwenda kwa jirani akauliza mtoto huyu alikuwa akipenda kula nini zamani, akaambiwa habari za siagi ya asali. Basi akakiteremsha kile kibuyu, akakisafisha, akasuka mtindi mpaka mikono ikamuuma. Siagi ikapatikana, nzuri, ya manjano. Akaifunika kwenye bakuli ili asubuhi ya Jumamosi aichanganye na asali, mtoto aondoke na kitu cha kwao tumboni.

Lakini ulikuwa mwezi wa saba, na nyinyi mnajua baridi ya mwezi wa saba huku juu. Alipofunua bakuli asubuhi, siagi ilikuwa ngumu kama kipande cha sabuni. Akamimina asali. Asali ikateleza, ikakusanyika pembeni. Akaiponda kwa mwiko. Siagi ikamegeka mabonge mabonge, na asali ikaendelea kukaa peke yake. Akaongeza asali nyingine, akidhani ni kidogo; bakuli likajaa, na bado vitu viwili vile havikujuana. Kule Magugu siagi haijawahi kuwa ngumu hata siku moja. Emiliana akaweka mwiko chini, akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Hedwiga alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wake wa safari mkononi. Aliliangalia bakuli, akakiangalia kibuyu cha mama yake kando ya jiko.

"Imepata baridi," alisema.

Emiliana aligeuka polepole, maana mtoto yule hakuwahi kuanza mazungumzo naye.

"Niifanyeje?"

"Mama alikuwa anaipakata kwanza."

"Anaipakataje?"

Hedwiga akaweka mfuko chini. Akaja, akamimina ile asali na kuirudisha chunguni, akaketi kwenye kigoda karibu na moto, akaliweka bakuli tumboni na kulifunika kwa shuka lake. "Hivi. Siyo juu ya moto, itayeyuka yote. Hivi tu, mpaka ilegee."

"Na alipokuwa anangoja ilegee, alikuwa anafanya nini?"

Mtoto alilivuta shuka vizuri juu ya bakuli. Emiliana akaketi chini kwenye mkeka, hakumharakisha.

"Alikuwa anaimba," Hedwiga alisema mwishowe. "Sauti yake ilikuwa mbaya."

"Mbaya kweli?"

"Mbaya sana. Baba alikuwa anamwambia kwamba ng'ombe watakata maziwa." Akacheka kidogo, na kicheko hichohicho kikageuka kilio. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, bakuli likiwa bado tumboni. Emiliana alimsogelea, akamzungushia mkono. Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia mimi ndiye mama yako sasa. Alimwambia, "Nieleze mengine."

Akaelezwa. Jinsi Fabiola alivyoogopa vinyonga. Jinsi alivyosuka nywele kwa nguvu mpaka macho yakavutika. Walipokumbuka bakuli, siagi ilikuwa imelegea. Hedwiga akashika mwiko, Emiliana akadondosha asali kidogo kidogo, na safari hii ikaingia, mpaka ikawa kitu kimoja cha rangi ya dhahabu.

Lagwen aliingia na ndoo ya maziwa, akamkuta binti yake anakula kiazi, macho mekundu, vidole vinang'aa kwa siagi.

"Baba," mtoto alisema, "nilikuwa namwambia mama mdogo jinsi mama alivyokuwa anaimba."

Lagwen aliiweka ndoo chini. Machozi aliyoyaficha muda wote ule yakamtoka mbele ya mwanawe. Hedwiga akasogea kwenye kigoda, akampa nafasi, na baba akaketi.

Baadaye, walipokuwa wawili tu uani, alimuuliza mkewe, "Umemwambia neno gani ambalo mimi sikumwambia?"

"Sikumwambia neno, Baba Hedwiga. Nimemsikiliza. Sisi tulikuwa tunammiminia asali mtoto ambaye moyo wake umeganda. Siagi baridi haipokei asali. Mpaka ipakatwe kwanza."

Mjomba alipofika alikaribishwa viazi, akala, akarudi Karatu peke yake. Hedwiga hakumwita Emiliana mama. Alimwita mama mdogo mpaka alipokuwa mtu mzima mwenye watoto wake, na Emiliana hakudai zaidi ya hapo. Lakini lile gauni la maua lilitoka sandukuni, likavaliwa mpaka likachakaa.

Neno hilo la Emiliana, Lagwen alilisimulia kwa wenzake kwenye mizinga, wenzake wakalipeleka majumbani, na leo limefika kwa shangazi yenu. Kwa hiyo Paskali, mdogo wako bado yuko kule nyuma ya zizi. Zile pipi ziache hapa. Nenda ukakae naye, umuulize nini kimemuuma, na akianza kulia usimkataze. Siagi baridi haipokei asali.