Sange na Tope Jeusi la Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na mashamba, Sange, mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, alilima maharage bondeni. Upande wa juu alikaa Kiboko, akiyeyusha betri kuukuu apate madini ya risasi. Tope lake jeusi aliliteremsha shambani kwa jirani, chwaa!

Maharage yakawa manjano, yakadumaa. Watoto sita wa Sange wakalala na njaa.

Sange akashtaki kwa Mzee Simba, mwamuzi wa wanyama. Siku ya baraza Kiboko akaja, kitambi mbele.

"Tope? Wallahi sijamwaga hata kijiko! Huyu mvivu tu. Mzee Simba, bonde nipe mimi."

Simba akamgeukia Sange. "Una shahidi?"

"Sina, mzee."

"Basi jua likifika utosini, uhame."

Jua lilibakiza kidogo mno. Watoto wakamshika mama yao mkia.

Mara Sange akapiga magoti. "Nimekosa, wakubwa zangu! Nilipaswa kuja kushukuru, si kushtaki. Tazameni!" Akamimina kikapu cha maharage manene, pwaaa! "Lile tope ni mbolea. Aliyelimwaga anastahili kilemba, ila simjui. Labda Nyati?"

Uongo huo siusifu, wanangu. Lakini mimi nami nimewahi kumwaga maji ya betri nyuma ya nyumba, nikakana. Mungu anisamehe.

"Nyati gani!" Kiboko akanguruma. "Langu hilo! Kila alfajiri madebe saba, kwa mikono yangu!"

"Sema tena, jirani, Mzee hakusikia vizuri."

"Madebe saba! Kilemba kiko wapi?"

Baraza likaguna, mmh!

Sange akainuka. "Maharage haya nimepewa na shangazi, ng'ambo ya mto. Linganisheni mizizi yake na ya kwangu." Akatoa mashina mawili, akapasua vinundu vya mizizi kwa jino, kach! Cha ng'ambo ndani chekundu kama nyama. Cha shambani kwake cheupe, kikavu.

"Humu hukaa vijidudu, wapishi wa Mungu. Huchukua hewa na kuyapikia maharage chakula. Tope lako limewaua, Kiboko."

Kiboko akaanza kurudi nyumanyuma.

"Utalichota lote," Simba akasema. "Na hadi wapishi hao warudi, watoto wa Sange watakula kwako."

Watoto hawakungoja. Pu-pu-pu, wakatimka hadi jikoni kwa Kiboko, wakafunua vyungu.

Shikeni hili: anayeparamia sifa huibeba na kesi yake.